Safu ya Hapana

Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu. Nina chumba kimoja hapa Garissa mjini, karibu na soko la maziwa ya ngamia, chenye kompyuta mbili, printa inayokwama kila karatasi ya tatu, na feni inayosukuma joto kutoka kona hii hadi ile. Watu huja na bahasha zao nami nawajazia: pasipoti, basari, vitambulisho, maombi ya kazi. Wengi nawajazia bila hata kuinua kichwa. Tarehe ya kuzaliwa, Januari mosi, kwa sababu siku ya usajili karani alichoka kubahatisha akawapa wazee wetu wote siku moja ya kuzaliwa. Kazi, mfugaji. Kisha huja ile safu ndefu ya maswali ya afya yenye visanduku viwili viwili, Ndiyo na Hapana.

Muulize mzee yeyote wa kwetu kama ana ugonjwa. Atakujibu, "Alhamdulillah." Hata akiwa amebebwa juu ya mkeka atakujibu hivyo hivyo. Kumtajia mgeni maradhi yako ni kama kumshtaki Mungu kwa jirani, na mtu mwenye adabu zake hafanyi hivyo. Mwanzoni nilikuwa nikiuliza swali moja moja, nikipata Alhamdulillah kumi na mbili mfululizo huku foleni ikinung'unika mlangoni. Baadaye niliacha kuuliza. Nilishika kalamu nikashuka na safu nzima, Hapana, Hapana, Hapana, mpaka chini, nikamwambia mzee atie kidole gumba. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyerudi kulalamika. Nikajiona fundi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili shuleni, mtu kutoka Kitui, alitufundisha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Tuliiandika methali hiyo daftarini, tukaitungia sentensi, tukapata alama. Sikujua kwamba mtu anaweza kuficha maradhi ya mwenzake kwa niaba yake, tena bila kumuuliza.

Mama yangu alikuja kwangu kutoka Griftu baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Siyo yote. Walibaki ngamia watatu, ambao kaka yangu, mfanyabiashara wa mifugo katika soko la huko, alikuwa akiwachunga pamoja na wake. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Mimi ndiye niliyemnunulia dawa, mimi ndiye niliyempeleka kliniki, mimi ndiye niliyemfichia kopo la sukari na kumpimia chai. Nasema hivi ili msomaji asije akafikiri sikujua. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Siku moja mama alimpigia kaka simu akamwambia awauze wale watatu. Kaka alishtuka. Kwetu mtu hauzi ngamia wake wa mwisho, hata akilala njaa.

"Ngamia akifa kwa ukame nitapata ngozi," mama alimwambia. "Akiuzwa nitaiona Kaaba. Chagua wewe."

Kaka aliwauza. Fedha hizo zilitosha safari ya Umra kwa mtu mmoja, na mama akaanza kutembea mjini akiwa ameinua kichwa kama msichana aliyechumbiwa. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilimwonea wivu pia kidogo, kwa kuwa mimi sikuwa na kitu chochote nilichokitaka namna hiyo.

Wakala wa safari tuliyemwendea ana ofisi kwenye barabara kubwa, yenye saa ya ukutani inayotoa adhana kwa nyakati zake yenyewe. Ni mtu wa kwetu. Ukihesabu mababu zake na wetu tunakutana kwa babu wa saba, na kwa sababu hiyo alimwita mama eddo, yaani shangazi, na akamletea soda ambayo mama hakuruhusiwa kunywa. Alipojua kazi yangu alicheka.

"Basi wewe dada chukua fomu ukazijaze mwenyewe," alisema. "Mwalimu hafundishwi kusoma."

Alinipa mkataba wenye kurasa sita na fomu ya bima ya safari yenye kurasa mbili. Njiani mama aliniuliza bima ni nini. Nilimweleza kwamba watu wengi wanatoa kidogo kidogo, pesa zinawekwa pamoja, na atakayepatwa na balaa kabla ya kusafiri au akiwa safarini anainuliwa kwa pesa hizo.

"Hiyo si ni qaaraan," alisema mama. Qaaraan ni mchango wa ukoo: mtu akifiwa, akiugua, akigonga mtu kwa gari, jamaa wote wanatoa. "Kumbe watu wa Nairobi nao wanayo. Vizuri."

Nilimwambia ndiyo, ni kama qaaraan. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliusema kwa nia njema.

Kinyozi hajinyoi. Mimi ninayewaonya wateja wasome kabla ya kutia sahihi, niliusoma ukurasa wa hoteli, kwa sababu mama alitaka kujua ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi msikitini, nikausoma ukurasa wa malipo, nikaupita ukurasa wa nne, wa kufuta safari. Nani anafuta safari ya Makka? Fomu ya bima niliijaza asubuhi yenye watu wengi, mwanafunzi mmoja akinililia basari yake inafungwa saa sita, mama akiwa nyumbani. Jina. Januari mosi. Mjane. Mfugaji, ingawa hakuwa tena na hata mbuzi. Nilipofika kwenye safu ya afya mkono wangu ulishuka wenyewe. Moyo, Hapana. Shinikizo la damu, Hapana. Kisukari, Hapana. Nikaingia kwenye shida ya yule mwanafunzi, na mchana nikaipeleka fomu kwa wakala.

Sikumuuliza mama. Ningemuuliza, angenijibu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba mama yangu hakuwa kama wale wazee wa foleni. Wiki moja baadaye nilimkuta akipanga begi lake, na juu ya nguo, kabla ya hata msahafu, alikuwa ameweka kadi yake ya kliniki pamoja na dawa zake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Umewaambia kuhusu sukari yangu?" aliniuliza. "Mgeni wa Mungu hasafiri na uongo. Tena wasije wakaninyang'anya dawa uwanja wa ndege."

"Nimewaambia, hooyo," nilisema.

Ningeweza kurudi kwa wakala siku ile ile. Ofisi yake ni mwendo wa dakika kumi. Lakini nilifikiri wataongeza bei, au watadai barua ya daktari, au wataanza kusema mama ni mzee mno. Nilifikiri pia kwamba hakuna anayezisoma fomu. Mtu aliyejaza fomu maelfu anajua kwamba hazisomwi, na kumbe kuna aina moja ya fomu inayosomwa neno kwa neno, ila husomwa siku unapodai.

Kwa mila yetu mtu anayekwenda nyumba ya Mungu huomba msamaha kwanza. Mama aliwazungukia majirani wote mtaani, akawapigia simu jamaa wa Griftu na Bute, akamwambia kila mmoja, "Kama nilikukosea, nisamehe." Nao walimsamehe na kumpa dua za kubeba. Hakuna aendaye Makka na dua zake peke yake. Mama hajui kuandika, kwa hiyo walikuja kwangu nami nikazichapa: muuza maziwa ambaye mwanawe alikwenda Libya na simu yake haiiti tena. Jirani anayetaka mume wake apunguze miraa. Mwalimu anayetaka uhamisho. Mwanamke wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, anayemuuzia mama nguo, ambaye kwa miaka mingi anasubiri jina lake liitwe apelekwe ng'ambo. Wakala mwenyewe, siku moja alipoleta tiketi, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini kwamba ana binti wa miaka sita ambaye hajawahi kutamka neno. Nikaichapa na yake. Zilikuwa dua thelathini na nane. Kila jioni baada ya magharibi mama alinitaka nimsomee orodha yote, mpaka akaijua kwa moyo.

Na alifanya mazoezi. Wakala alikuwa amewashauri wasafiri wavae viatu vya kufunika miguu, nami nikamnunulia mama raba nyeupe, za kwanza maishani mwake. Kila asubuhi alilizunguka tangi la maji uani mwangu mara saba, kama atakavyoizunguka Kaaba, akihesabu kwa vidole. Watoto wa jirani walikaa ukutani wakimhesabia. Raba zilimbana kisigino cha mguu wa kulia na hakusikia. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huifisha miguu ganzi, mtu akachomwa na mwiba asijue. Mimi nilijua hivyo. Kliniki walinieleza wakanionyesha na picha. Lakini nilikuwa nikimtazama anavyozunguka nikijisifu kwa zile raba.

Niligundua kidonda kwa harufu. Nilifikiri panya amekufa chini ya kabati.

Hospitalini muuguzi, sista kutoka magharibi mwa Kenya, alimuuliza anaumwa wapi. Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi fizuri, sista. Mguu nalala tu. Bole kwa kusumbua." Sista alimvua soksi, akamwita daktari. Daktari alisema mama atalazwa. Nilimuuliza kuhusu safari. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za harusi matangani.

Zilikuwa zimebaki siku thelathini na nne. Najua kwa sababu usiku ule nilifungua ule ukurasa wa nne, kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umepangwa kama ngazi. Ukifuta safari kwa maandishi zikiwa zimebaki siku thelathini au zaidi, unapoteza malipo ya kwanza tu. Zikibaki kumi na tano au zaidi, unapoteza nusu. Ukichelewa zaidi ya hapo, unapoteza kila kitu. Niliusoma mara mbili. Kisha nikaandika barua ya kufuta safari, fupi, nzuri, nikaiweka kwenye kompyuta ikisubiri tarehe na sahihi. Nikampigia kaka.

"Unasema haendi?" kaka alifoka. "Wewe ni nani? Mungu ndiye anayealika. Ukiandika kwamba haendi, umeshamfungia mlango. Siku bado ni nyingi. Ngojea."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kaka ndiye mwanamume wa nyumba na ndiye aliyewauza ngamia, nami nikaona haya kubishana. Nilimpigia wakala pia. Nilitaka yeye ndiye aniambie nifute, ili lawama iwe yake.

"Sitaki kusema neno, abaayo," alisema, akiniita dada kwa lugha yetu. "Viza imetoka kwa jina lake, siwezi kumpa mwingine. Lakini eddo ni mtu wa imani. Siku bado zipo."

Alizijua siku hizo kuliko mimi. Ni yeye aliyeziandika. Kwa hilo simsamehi, na wala simwombei mema, ingawa alikuwa na adabu zake zote.

Siku ya thelathini ikapita. Kidonda kikaonekana kupungua, kaka akatuma ujumbe wa shukrani kwa Mungu wenye herufi kubwa. Siku ya kumi na tano ikapita. Mama kila nilipoingia wodini hakuniuliza kuhusu mguu. Aliuliza, "Zimebaki ngapi?" nami nikamtajia, naye akafumba macho akaanza kuzipitia dua zake thelathini na nane, midomo ikitembea. Kila siku nilifungua ile barua kwenye kompyuta nikaifunga tena. Watu wengine wanakosea kwa haraka. Mimi nilikosea taratibu, nikiwa na saa mkononi.

Zilipobaki siku tano walimkata mguu chini ya goti.

Pesa za upasuaji zilitoka kwa qaaraan. Kaka aliandika sentensi moja kwenye kundi la ukoo kwenye simu: mama anakatwa mguu. Basi. Kabla ya alasiri zilikuwa zimeingia kutoka Griftu, Bute, Nairobi, hata kwa binamu anayefua nguo hotelini nchi za mbali. Hakuna aliyeuliza mguu ulianza kuuma lini. Hakuna aliyetaka kujua kama mama aliwahi kuutangaza ugonjwa wake kabla hajalazwa.

Basi la wasafiri liliondoka Garissa siku yake kama ilivyopangwa. Nilikuwa barabarani nikirudi kutoka hospitali lilipopita, wanawake wakiwa wamevaa mashungi ya rangi moja na wakala akiwa mlangoni akipungia watu. Sikumpungia.

Wakala aliporudi alinieleza kwa upole kwamba hakuna cha kurudishwa hata kidogo, ndege imelipwa, hoteli imelipwa, lakini kwamba hii ndiyo kazi ya bima. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini hulipwa. Nilijua tayari. Nilikuwa nikikiwaza tangu lile basi lipite, kile kisanduku kimoja cha kisukari, na bado nilikusanya karatasi zote na kuzituma, kwa matumaini yale yale ya kijinga kwamba hakuna anayesoma. Baada ya wiki tatu mwanamke alipiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa na sauti nzuri.

"Pole sana kwa mgonjwa, dada. Kuna jambo dogo tu. Ripoti ya daktari inasema mama ana kisukari kwa miaka tisa. Fomu yetu inasema hana. Nani aliijaza?"

Nilisema nitaulizia, nikakata simu. Barua ikaja baadaye, ikisema ukweli muhimu ulifichwa na kwa hiyo bima haikuwahi kuwa halali tangu siku ya kwanza. Waliambatanisha nakala ya fomu. Safu nzima ya Hapana, zilizonyooka, zilizopigwa kwa kalamu yangu ya bluu, kazi safi ya fundi.

Kaka alikuja kutoka Griftu akaishika ile karatasi. "Nani mjinga aliyejaza hivi?"

"Ilijazwa ofisini," nilisema.

Alielewa alivyotaka kuelewa. Alikwenda kwa wakala akamtukana mbele ya wateja, akamwita mwizi na mla haki ya wajane. Wakala alimwambia fomu hujazwa na wenyewe. Kaka hakumwamini, maana mtu aliyekula pesa zako hata akikuambia jua ni kali utatafuta koti. Nilikaa chumbani kwangu nikisubiri wakala amtajie jina langu. Hakumtaja. Mpaka leo sijui kwa nini, na sipendi kuwa na deni la wema kwa mtu ninayemchukia.

Mama alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Tulimwambia kwamba pesa hazitarudi. Aliuliza kama wale watu wa qaaraan ya Nairobi wamekataa, nikamwambia wamekataa. "Kwa nini?" aliuliza. Nilisema ni watu wa karatasi. Alitikisa kichwa kwa kuwahurumia. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Lete ile orodha."

Dua za watu ni amana, alisema. Amana usipoifikisha unairudisha kwa mwenyewe, ili ampe mwingine. Aliyekula pesa zetu hakurudisha hata senti, na mama yangu, ambaye hakula kitu cha mtu, aliamua kurudisha hata maneno. Nilimwambia watu wanajua aliugua, hakuna anayemdai. Alinikasirikia. Kwa hiyo Ijumaa moja alasiri niliketi uani kando ya lile tangi, nikapiga simu moja baada ya nyingine, nikiweka sauti nje ili asikie.

"Dua yako sikuifikisha," aliwaambia. "Nimekurudishia. Nisamehe." Muuza maziwa alilia. Mwalimu alisema amekwisha pata uhamisho, mama akafurahi kana kwamba ameufanya yeye. Yule mwanamke wa Ifo alimwambia, "Kaa nayo, eddo, utakwenda mwakani," na mama akamjibu kwamba safari haitakuwapo mwakani, ngamia wamekwisha. Alilisema bila uchungu wowote. Uchungu wote niliubeba mimi.

Tulipofika kwa wakala nilitaka kumruka. Mama alikuwa akiwahesabu kwa vidole kama alivyohesabu mizunguko. "Bado yule wa binti asiyesema," alisema.

Nilipiga. Mama alimwambia maneno yale yale, kwamba ya mtoto wake haikufika, kwamba amsamehe. Upande wa pili nilisikia ile saa yake ya ukutani ikiadhini kwa wakati usio wake.

"Dada yupo hapo?" aliuliza mwishowe.

"Nipo," nilisema.

Nikasogeza kidole kwenye kitufe cha kukata simu, nikisubiri aitaje fomu.

"Nimekusamehe, eddo," alimwambia mama. "Huna deni langu."

Simu ilipokatika mama alishusha pumzi. "Mtu mwema yule," alisema. "Kaka yako alimkosea." Nilitaka kupiga kelele. Mtu alikula ngamia watatu, akamsamehe mama kwa kutomwombea, na mama akamshukuru. Nilikunja ile orodha nikadhani tumemaliza, lakini mama alinishika mkono.

"Umebaki wewe."

"Mimi sikukupa dua, hooyo."

"Umenihangaikia mwaka mzima. Umenibeba, umeniosha, umenijazia makaratasi yangu yote na sikwenda popote. Nisamehe."

Palikuwa na nafasi hapo. Alikuwa ameifungua mwenyewe, pana kama lango la zizi. Ningemwambia kuhusu kile kisanduku, na kuhusu barua iliyokaa kwenye kompyuta siku thelathini na nne, na angenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Namjua.

"Nimekusamehe, hooyo," nilisema.

Alinishukuru. Alinibusu kiganja cha mkono, ule ule wa kalamu.

Sasa nikiwajazia watu fomu, nauliza kila swali. Foleni inanung'unika, wazee wanasema Alhamdulillah, nami nauliza tena, moyo, presha, sukari, na wengine wananiona nina dharau. Mama hukaa mlangoni kwenye kiti chake akisikiliza, na huwaambia wageni kwamba binti yake ni mwangalifu sana. Hajui nina maandishi haya. Nimeyaandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu kile anachokijua yeye kinatosha kununua nyanya tu, hata mtu akimsomea hatafuata, na akiyakuta mezani atadhani ni fomu ya mtu.